Vidonge vya Enoka

Vijana wa siku hizi wakinikuta barazani hunijia na swali lao lilelile: eti mzee, mtu anayenyanyua vyuma, vidonge vya vitamini vinamfaa au anajisumbua bure? Huniuliza mimi kwa sababu wamesikia kwamba mwaka sabini na tano nilikuwa bingwa wa Mkoa wa Mara, na kwamba ubingwa huo niliupata kwa vidonge. Mimi hukasirika, nikawaambia waende zao. Swali lenyewe si baya. Ila jibu lake lilinitoa jasho ambalo chuma hakijawahi kunitoa, na siwezi kulimwaga mbele ya mtu anayetafuna ubani huku akijitazama misuli. Sasa nimeamua kuliandika lote, atakaye asome.

Nilikuwa mchukuzi bandarini Musoma. Pamba ilichambuliwa viwandani huko Bunda na kwingineko, ikafungwa marobota, ikaletwa kwa malori, nasi tukaipakia melini. Robota moja ni mzigo wa watu wanne, na kwa siku tulipakia mpaka mikono ikawa haina habari na mwenyewe. Ungedhani mtu kama huyo jioni angelala. Mimi jioni nilikwenda nyuma ya kibanda cha mchomelea vyuma, kunyanyua vyuma.

Mwenye mambo hayo alikuwa Enoka, mwalimu wa shule ya msingi aliyewahi kuwa askari. Alikuwa ametafuta ekseli ya lori bovu, akamwaga saruji kwenye makarai ikawa sahani za uzito, kisha akazipima zote kwa mizani ya kununulia pamba ili asije mtu akasema ameibiwa kilo. Tulikuwa vijana tisa. Sijawahi kupenda kitu kama nilivyoipenda ile ekseli. Ukiinyanyua hadi juu ya kichwa, kwa pumzi mbili tatu hivi hakuna mtu duniani anayekudai maelezo.

Na Enoka alikuwa na chupa. Chupa kubwa ya rangi ya kahawia aliyoletewa na dada yake, muuguzi wa hospitali moja ya misheni, imejaa vidonge vyekundu vinavyonuka hamira. Kabla ya mazoezi tulipanga mstari, tukafungua midomo, naye akatuwekea kila mmoja kidonge ulimini kama padri.

"Sayansi hiyo, vijana," alisema. "Ulaya mtu hanyanyui hata kijiko kabla hajameza hii."

Kesho yake asubuhi tulikojoa njano iliyoiva, tukaitana kuonyeshana. Enoka alifurahi sana. Alisema nguvu zimetujaa mpaka zinafurika. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza nguvu iliyokwisha kuingia chooni inamsaidiaje aliyebaki nje.

Miezi mitatu nilimeza. Wenzangu waliotoka vijiji vya ufukweni walifika kilo themanini, wengine tisini. Mimi nilikwama kwenye sitini. Nikamwomba Enoka anipe viwili kwa siku, akanipa, nikakwama vilevile, ila mkojo ulizidi kupendeza.

Sababu ilikuwa kwenye sahani, na kila mtu aliiona isipokuwa Enoka na mimi. Ukame wa mwaka sabini na nne ulikuwa umekausha kila kitu. Nyama Musoma ilikuwa ya kusikia tu, na maharage yalikuwa ya wenye bahati. Kilichobaki kilikuwa ziwa, na ziwa halikukauka. Sato walikuwepo, kamongo walikuwepo, dagaa walianikwa mpaka njiani, na furu, wale samaki wadogo wenye miiba mingi, waliuzwa kwa mafungu kama mchicha. Wachukuzi wote walikula samaki. Mimi nilikula ugali wa unga wa njano wa msaada na mchuzi wa nyanya, kwa sababu ukoo wetu hauli samaki.

Huo ulikuwa mwiko wetu, na haukuwa wa mchezo. Sisi ni watu wa ng'ombe. Mdomo uliokula samaki haunywi maziwa ya nyumbani, na ukiyanywa, ng'ombe hukauka. Mla samaki haingii zizini. Ngozi yake itachunika, macho yataingia ukungu, tumbo litavimba mpaka lipasuke. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa tangu hatujaota meno. Na mwanamke akiolewa kwetu, hata awe amezaliwa juu ya mtumbwi, samaki anamwacha mlangoni kwa baba yake. Mke wangu Esta alitoka Majita, ufukweni kabisa. Alimwacha.

Siku moja mwezi wa pili, mwaka sabini na tano, robota liliteleza kwenye mbao likanibana kwenye ukuta wa ghala. Halikunivunja kitu. Lilinibana tu, kuanzia kifuani hadi mapajani, nami nikasukuma, na mikono haikuwa na kitu ndani. Mtu aliyekuwa akinyanyua chuma kila jioni alishindwa kujisogezea pamba hata kwa upana wa kidole. Nilisimama pale nikipumua nusunusu hadi wenzangu wakaja kuniondolea. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

Wakanipeleka kwa Susana, mama aliyewapikia wachukuzi, mtu wa rasi za ziwani, Mkristo wa kuimba kwaya huku akikoroga ugali. Wenzangu waliporudi kazini, akaniangalia, akaweka mbele yangu sato mzima.

"Mimi sili, mama."

"Najua haulagi. Miezi yote nakuona unakulaga nyanya kama sungura," akasema. "Sasa chagua. Ukitaka kufa, ufie kwenu. Benchi langu watu wanakalia."

Nikala. Ningependa kusema nililia au nilitapika, lakini nilikula mpaka kichwa, nikafyonza mifupa, nikaomba mwingine.

Baada ya hapo nikala kila siku. Mwezi wa tatu nilinyanyua themanini. Mwezi wa tano nilinyanyua mia. Mabega yalijaa hadi shati likapasuka mgongoni, na Enoka alizunguka mji mzima akiwa na chupa yake mkononi na jina langu mdomoni, mpaka sifa za vidonge zikafika kijijini kwetu. Nami nilimwacha aseme. Ningemwambia nini? Samaki nilikula nikiwa nimeupa ukuta uso, nyuma ya jiko la Susana, na Susana peke yake ndiye aliyejua.

Nyumbani kwetu kulikuwa kijiji kipya upande wa Buswahili, ambako tulihamishiwa wakati wa operesheni ya vijiji. Hapo waliishi mama yangu Wankyo, mke wangu Esta, na binti yetu Gati, mwenye miaka miwili. Tulipohama tulikuwa na ng'ombe kumi na mmoja. Ukame ulituachia mmoja, na maziwa yake machache ndiyo yaliyokuwa chakula cha Gati.

Nilikwenda mara moja kwa mwezi: basi hadi Butiama, kisha miguu. Safari ya kwanza baada ya kuanza kula samaki nilijisugua mikono kwa majivu na ndimu, nikatafuna majani ya mpera njia nzima. Nilipofika, mama alinipokea kama anavyompokea mwanawe siku zote, kwa kibuyu cha maziwa. Nikakishika. Kukataa kungekuwa kusema. Kunywa kungekuwa kumkausha ng'ombe. Mama amesimama anasubiri, anatabasamu. Nikanywa.

Baada ya wiki tatu ng'ombe akakauka.

Najua mtakavyosema. Hapakuwa na majani, ng'ombe wa kijiji kizima walikuwa wamekauka. Hata mimi, habari iliponifikia Musoma, nilijiambia hivyo mchana, kati ya watu. Lakini nilipolala peke yangu niliamini kwamba nimemnyang'anya mtoto wangu maziwa kwa mdomo wangu mwenyewe. Mama naye alitafuta mkosaji, na hakwenda mbali. Nyumbani mlikuwa na mtoto wa ziwa.

Sikuthubutu kwenda tena hadi mwezi wa sita, na nilipofika nilikuta Esta ametengwa. Anapika nje kwenye mafiga yake, anakula na bakuli lake, haruhusiwi hata kugusa kamba ya ng'ombe. Mama hakumpigia kelele. Alikuwa hasemi naye tu, anaongea na ukuta: "Kuna mtu alikulaga samaki kwa siri katika hii nyumba. Mungu anamjua."

Esta aliinamia moto wake. Na Gati alikuwa kimya, jambo lililonitisha zaidi. Alikuwa mtoto wa kelele. Sasa alikaa ukutani, miguu imevimba, nywele zimepauka na kuwa nyepesi, anamtazama kila mtu kana kwamba wote tumemchosha. Nilimbonyeza mguu kwa kidole, na shimo likabaki.

Nikambeba hadi zahanati. Mama akatufuata. Mganga alikuwa Thadeo, kijana mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi, na alihitaji kumtazama mara moja tu.

"Huyu anakula uji mtupu," alisema. "Damu yake haina vya kujengea. Angepata maziwa ya unga, lakini yangu yamekwisha, na sijui yataletwa lini. Mpeni dagaa. Wapondeni wawe unga, mtie kwenye uji, kidogokidogo, mara nyingi kwa siku."

"Sisi hatulagi samaki," mama akasema.

"Mama, mtoto atakufa."

"Vidonge," mama akasema, akanigeukia, akanishika mkono wa juu kwa mikono yake yote miwili, na haikukutana. "Muone huyu. Tangu nimzae hajaonja samaki. Ugali na vidonge ya mwalimu wake, basi. Muone alivyo! Vidonge imemfanya hivi huyu mkubwa, itashindwa mtoto?"

Thadeo akanitazama mabega, akanitazama usoni. "Vidonge havijengi nyama," alisema polepole, akinilenga mimi. "Anayekula akashiba anavikojoa tu. Asiyekula havimtoshi. Vinaziba pengo dogo, havijazi chungu. Mwenzangu, unakula nini huko Musoma?"

Hapo ndipo mahali pa kusema. Palikuwa peupe kabisa. Nami nikasema, "Ugali." Kisha nikatoa mfukoni vidonge sita vyekundu nilivyomwomba Enoka, nikampa mama, na mama akavifunga kwenye pindo la kanga yake kwa uangalifu kama dawa ya kweli.

Jioni ile Esta alinisindikiza hadi mwisho wa mashamba. Alisimama, akachukua mkono wangu, akaunusa bila haraka.

"Furu," alisema. "Na juzi ulikula sato wa kukaanga. Mimi nilizaliwaga ziwani, Baba Gati. Unafikiri majivu inanidanganya?"

Nikauvuta mkono, hakuuachia.

"Sikusema kwa mama, maana mimi nikisema, nani ataniamini? Atasema namsingizia mtoto wake. Nimebeba hilo jina lako tangu mwezi wa tatu. Nitabeba. Lakini mtoto hawezi kubeba." Akaniachia mkono. "Sema neno moja tu. Moja."

Nikamwambia asubiri. Nikamwambia Saba Saba inakuja na mashindano yake ya mkoa ya kunyanyua vyuma, nikishinda nitakuwa na jina, na mtu mwenye jina hata akisema jambo zito husikilizwa. Nilijua ni upuuzi nilipokuwa bado nausema. Ukweli ni kwamba nilimwogopa mama. Niliogopa uso wake utakavyokuwa. Esta alinitazama, akageuka, akarudi kwa mama yangu kuadhibiwa kwa kosa langu.

Saba Saba ikafika. Uwanja wa Musoma ulijaa, bendera, ngoma, vikundi vya vijiji na mabango yao. Kijiji chetu kilileta lori zima la watu. Nilinyanyua kilo mia moja na tano hadi juu, nikasimama nazo hadi mwamuzi akashusha mkono, na uwanja ukalipuka. Nilikuwa bingwa. Kiongozi mmoja wa michezo akanisogezea kipaza sauti.

"Ndugu Clementi Nyamburi, waeleze wananchi siri ya nguvu zako!"

Enoka kando yangu alikuwa ameinua chupa juu kwa mikono miwili. Nikatazama mbele. Kwenye mkeka wa mbele kabisa alikaa mama yangu, amefunga kanga mpya, na Gati amelala mapajani pake. Mama alikuwa anacheka. Tangu ng'ombe wafe sikuwa nimemwona akicheka. Nyuma yake Esta alisimama peke yake, hakuna aliyetaka kukaa naye, na alikuwa ananitazama mdomoni tu.

"Ni vidonge," nikasema.

"Na chakula, Ndugu?"

"Kama nilivyolelewa nyumbani."

Makofi yalikuwa mengi. Nilipotazama tena, Esta hakuwepo.

Tangu siku hiyo sikuwa mtu, nilikuwa maonyesho. Wiki iliyofuata walinipakia kwenye lori na ekseli yangu, wakanipeleka Bunda, Kabasa, kwenye mkutano wa wakulima wa pamba. Ninyanyue, watu wapige makofi, Enoka ahutubie sayansi. Nilinyanyua. Kila nilipoinua nilijiona nimerudi kwenye ule ukuta wa ghala, ila safari hii robota nimelifunga mwenyewe.

Nilipokuwa najifuta jasho, mwanamke mmoja alipenya kati ya watu. Aliitwa Mbuke, alilima pamba nje ya mji, na alikuwa na mtoto mgongoni. Akamshusha mbele yangu bila salamu ndefu. Mtoto alikuwa na miguu ileile, nywele zilezile, macho yaleyale yaliyochoka.

"Baba," aliniita, mimi ambaye umri wangu ulikuwa wa mdogo wake, "nimesikia habari zako kwa watu. Nimetembea tangu alfajiri. Nigawie kidonge kimoja tu. Kimoja."

Ajabu ni kwamba kwa yule mgeni ukweli ulitoka bila kusukumwa.

"Usimpe kidonge, mama. Mpe dagaa. Ponda, tia kwenye uji, mpe kidogokidogo. Mimi nakula samaki kila siku. Vidonge havijanipa kitu."

Alinitazama kama mtu aliyeonyeshwa mlango kwenye ukuta. "Dagaa? Dagaa hii ya sokoni?"

"Hiyo hiyo."

Akambeba mtoto, akaenda. Nilipogeuka, Enoka alikuwa nyuma yangu na chupa yake.

"Umesemaje, Clementi?"

"Umesikia, Mwalimu."

"Na vidonge vyangu?"

"Vidonge vyako, Mwalimu, nimevikojoa vyote."

Nilitarajia anipige. Hakunipiga. Alikaa juu ya sahani ya saruji, akaishika chupa kwa magoti. Maskini, alikuwa anaviamini kwa moyo wake wote. "Umenifanya mwongo mbele ya mkoa mzima," alisema.

"Mwongo ni mimi. Wewe ulisoma lebo tu."

Nikamwachia ekseli, nikaenda sokoni. Nilichukua furu wakavu na dagaa, nikawafunga kwenye karatasi ya kaki, nikapata lori hadi Butiama. Nilipoanza kutembea sikujipaka ndimu. Bahasha ile ya karatasi niliishika mkononi, mbele, kila niliyepishana naye aliisikia harufu. Waliomfahamu marehemu baba walinisalimu wakaacha midomo wazi.

Nilifika kesho yake, saa nane mchana. Gati alikuwa amelala kivulini mwa ukuta, anapumua juujuu. Esta alikuwa kwenye mafiga yake. Mama alikaa karibu na mtoto, anafukuza nzi. Pindo la kanga lilikuwa limefunguliwa, vidonge vilikuwa vimekwisha.

Nikaweka karatasi chini, mbele ya miguu ya mama, nikaifungua.

"Nini hii?"

"Furu, mama. Na dagaa."

"Umemletea mke wako?"

"Nimemletea Gati. Na mimi ndiye ninayekula. Nilianza mwezi wa pili. Maziwa uliyonipa niliyanywa kwa mdomo huohuo. Esta hajaonja hata mwiba. Ni mimi, mama."

Nilisubiri anilaani. Nilikuwa tayari. Esta alikuwa amesimama, mkono mdomoni.

Mama hakuinua sauti. "Unakulaga?"

"Nakula."

"Siku ngapi?"

"Kila siku."

"Na tumbo haikuvimba?"

"Haikuvimba."

"Macho?"

"Naona vizuri, mama."

"Geuka." Nikageuka. Akaniinua shati, akapitisha kiganja chake kikavu mgongoni mwangu, taratibu, kutoka bega hadi kiuno, akitafuta ngozi inayochunika. Hakuipata. Kiganja kikabaki pale mgongoni muda mrefu.

"Ile ng'ombe hukukausha wewe," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Mwaka wa njaa kubwa, wewe hujazaliwa, tulikuwaga na ng'ombe ishirini. Yote ilikauka. Na hakuna mtu katika hii nyumba alikuwa ameonja samaki, hata mmoja. Nilijua tangu siku hizo."

Esta akashusha mkono mdomoni. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimpandishia mama sauti. "Ulijua? Ulijua, mama, na miezi minne yote umenipikisha nje kama mbwa?"

Mama hakumgeukia. Alijibu akimtazama Gati.

"Huyu si mtoto wangu wa kwanza," akasema, akininyooshea kidole bila kunitazama. "Kabla yake kulikuwa na msichana. Miaka mitatu. Miguu ilimvimba hivihivi. Wanawake wa ziwani walikuwa wanapitaga na vikapu, wanabadilisha samaki kwa ngozi. Mmoja alimuona, akanionea huruma, akanipa bure. Bure! Nilimwaga samaki njiani, nikamfukuza yule mama kwa fimbo. Nilisema, heri mtoto afe msafi." Akamfukuzia Gati nzi usoni. "Watu walinisifu. Baba yako alinisifu. Nimekaa na hiyo sifa mpaka leo. Sasa unaniletea hii karatasi, unaniambia unakulaga kila siku na ngozi yako ni nzima. Kama hii ni chakula, Nyamburi, basi yule nilimuua mimi."

Nilikuwa bingwa wa mkoa, na sikuweza kuinua hata neno moja la kumwondolea. Nilitamani kusema samaki wale wa zamani walikuwa wengine, au ugonjwa ulikuwa mwingine. Ningeweza. Nilikuwa nimeshakuwa hodari wa mambo hayo. Nikapiga magoti tu pale mbele yake, nikalia.

Esta alikwenda kwenye mafiga yake. Tulimsikia akitwanga. Akarudi na bakuli la uji uliopondewa dagaa, harufu imejaa ua mzima, akakaa amshike mtoto. Mama akanyoosha mikono.

"Leta hapa."

"Mama, mikono yako itagusa samaki."

"Leta, nimesema."

Akampokea Gati mapajani, akachota kwa ncha ya kijiko, akampitishia mdomoni. Gati aliukunja uso. Uji ukatoka. Mama akaufuta kwa kidole, akachota tena. Mara ya tatu mtoto akameza. Mama alikuwa analia bila sauti, machozi yanaangukia kwenye bakuli, na hakuyafuta. Aliendelea kuchota na kubembeleza, kula mama yangu, kula, meza kidogo tu, na jina alilokuwa akilitaja kila mtoto alipomeza halikuwa la Gati.